Nyuma ya Foleni ya Tunduma

Tunduma imejijengea sifa moja, nayo ni foleni. Muulize dereva yeyote wa lori la Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, atakusimulia usiku aliolala chini ya tela, wabadili fedha wanaotembea na mabunda ya kwacha, mawakala wa forodha wenye simu mbili mbili, na mama ntilie wanaowajua madereva wa nchi tano kwa majina. Marais wa Tanzania na Zambia walipozindua kituo cha huduma za pamoja mpakani, Oktoba 2019, shughuli zilichangamka, lakini sifa ikishamshika mtu au mji haibanduki upesi. Mji umezoea kupitwa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inapita hapa na watu wake ndani. Mabasi yanapita. Hata mimi nilikuwa napita, miaka nenda miaka rudi.

Makala haya nayaandika kuusifia mkoa wa mji huu, Songwe, kwa kitu ambacho hakina foleni hata kidogo: viota vya ndege waimbaji, katika vichaka vinavyofuata vijito vya Ileje na Mbozi.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa. Wageni wachache wanaoshuka hapa kwa matembezi huenda Ndolezi kukitazama Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye uzito wa tani zaidi ya 10 lililodondoka kutoka angani na kujikalia mlimani. Wanapiga picha wameegemea, wanarudi barabarani. Siwalaumu, kimondo kinastahili. Ila kimondo hakina msimu. Kiota kina msimu, na ukija mwezi Novemba, mvua za kwanza zinapoloanisha mashamba ya kahawa, ningekushauri ukiache kimondo kisubiri, ushuke mabondeni.

Kuna jambo moja la jiografia linalonifurahisha kila nikiifikiria sehemu hii. Mkoa una mito miwili inayoitwa Songwe. Mmoja unachukua maji ya milima ya Ileje, unakuwa mpaka wetu na Malawi, unaingia Ziwa Nyasa; maji yake yanaendelea na Shire hadi Zambezi na hatimaye Bahari ya Hindi. Wa pili unakwenda kaskazini, Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Mto Momba nao unaishia hukohuko Rukwa. Ukivuka mpaka wa Tunduma, kaskazini-mashariki ya Zambia ndiko unakoanzia Chambeshi, mto ambao wanajiografia wengi huuhesabu kuwa chimbuko la mbali kabisa la Mto Kongo. Kwa maneno mengine, mvua ya wingu moja hapa inaweza kugawana safari tatu: sehemu ikaenda Bahari ya Hindi, sehemu Atlantiki, na sehemu ikabaki Rukwa ikikaushwa na jua. Nchi inayogawa maji namna hii haikosi vijito, na penye kijito pana kichaka.

Njia rahisi ni kukata kushoto pale Mpemba, kabla hujafika Tunduma ukitokea Mbeya, na kushika barabara ya Isongole. Siku hizi ina lami. Inakwenda kilomita zipatazo 50 hadi Itumba na Isongole, karibu na daraja la kuvukia Malawi, na baada ya muda mfupi unajisahau kama umetoka kwenye mji wa malori. Mahindi, maharage, migomba, kahawa, parachichi. Nyumba za matofali ya kuchoma zenye paa la bati. Na kila barabara inapoteremka, bonde jembamba lenye mstari wa kijani kilichokolea. Mstari huo ndio kijito. Humo mna mivengi, mikuyu, matete, mianzi, na msongamano wa miiba na mitambaazi ambao mkulima anaukwepa na ng'ombe anauogopa.

Ndege wa humo huanza kazi kabla ya mwadhini. Wa kwanza kumsikia, mara nyingi kungali giza, ni ndege mmoja wa ukubwa wa kiganja, kifua na tumbo rangi ya chungwa, kichwa cheusi chenye mstari mweupe juu ya kila jicho. Wanasayansi wanamwita Cossypha heuglini, kwa jina la Theodor von Heuglin, Mjerumani aliyetembea kaskazini-mashariki ya Afrika karne ya 19. Mimi nitamwita nyusi nyeupe. Anaanza chini kabisa, sauti ya kunong'ona, anairudia kauli ileile, kila mara akiipandisha, mpaka bonde zima linajaa. Kisha mwenzake anadakia. Wanaimba wawili, dume na jike, na usipowaona kwa macho utaapa kwamba ni ndege mmoja.

Kuimba kwa kujibizana kumeenea katika vichaka vya Afrika Mashariki kuliko watu wanavyofahamu. Humohumo mwenye nyusi nyeupe anamoishi yumo ndege mwingine, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, wa jenasi Laniarius. Dume anatoa mlio safi wa kengele, jike anajibu kwa mkwaruzo, na pengo kati yao ni dogo mno. Miaka ya 1960 W. H. Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliwarekodi ndege wa jenasi hiyo katika nchi zetu na kupima muda wa majibu yao, akashangazwa na usahihi wake. Sababu ya desturi hii haihitaji maabara kuielewa. Katika msitu mfupi uliofumana hivi, mume hamwoni mke aliye hatua chache kando yake. Sauti ndiyo inayomjulisha kila mmoja kwamba mwenzake yupo, na inawajulisha majirani kwamba eneo lina wenyewe.

Kiota cha nyusi nyeupe hakilingani na sauti yake. Baada ya wimbo ule ungetegemea jumba. Ni kikombe cha majani makavu na vijiti, kisicho na ustadi wa kujivunia, kilichowekwa kwenye shimo la kisiki, panda ya mti au katika takataka zilizokwama mizizini baada ya mafuriko. Jike hujenga peke yake na kuatamia peke yake. Mayai kwa kawaida ni mawili, mara nyingine matatu. Nilioneshwa kimoja katika kisiki cha mkuyu, kimo cha kiuno changu, umbali mdogo kutoka mahali kina mama wanapochotea maji. Jike alikuwa ndani. Hakuruka. Alijikandamiza mpaka mgongo wake wa kijivu ukalingana na gome, akaacha jicho moja tu likitutazama. Ndoo zilipita, watoto walipita, na yeye akabaki.

Aliyenionesha ni mkulima wa kahawa na maharage, mtu mzima, ambaye shamba lake linashuka hadi kijitoni. Alinikuta nimeinama kichakani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepoteza ng'ombe?"

"Hapana baba, natafuta viota."

Alinyamaza kidogo. "Vya kula?"

Nilipomweleza kwamba ni vya kutazama tu, alicheka kwa sauti, akaweka jembe chini. Kisha, bila kuombwa, akanipitisha bondeni mwake lote. Nimegundua kwamba kila kijiji kina mtu wa namna hii. Hana kitabu cha ndege, hajui jina la Kilatini hata moja, lakini ukimuuliza wapi pana kiota anakupeleka moja kwa moja, kwa sababu jicho lake limekua likiyaona hayo tangu utotoni akiwa na manati mkononi. Huko Choma, kusini mwa Zambia, watafiti wakiongozwa na Claire Spottiswoode wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya mayai na viota, na kazi yao imesimama juu ya macho ya wanakijiji wa namna hiyohiyo.

Ni baba huyohuyo aliyeniinulia kidole tulipokuwa tukivuka kijito. Mlio wa sauti tatu zinazoshuka ulikuwa ukitoka kwenye mti mrefu ng'ambo, ukarudiwa, ukarudiwa tena. "Huyo akianza," alisema, "mbegu ziwe zimeshachambuliwa." Huyo ni kekeo mwenye kifua chekundu, na sifa yake ya kutangaza mvua imeenea Afrika nzima ya kusini na mashariki. Kwa wakulima ni rafiki. Kwa nyusi nyeupe ni msiba.

Kekeo hajengi. Jike huvizia kiota cha mwenzake, na nyusi nyeupe ni mmoja wa wanaovamiwa zaidi. Hutaga yai moja upesi na kuondoka. Kinda la kekeo likishaanguliwa, bado kipofu na halina unyoya, huyasukuma nje mayai au makinda ya mwenye nyumba mpaka libaki peke yake. Wazazi wale wawili waliokuwa wakijibizana alfajiri hulilea hadi liwapite ukubwa. Nilimuuliza baba kama amewahi kuona ndege mdogo akilisha kinda kubwa kuliko yeye mwenyewe. Akasema ameona mara nyingi, na siku zote alidhani ni ukarimu.

Wizi huu wa malezi ndio ufunguo wa kuelewa mengi ya ajabu utakayoyaona katika viota vya bonde hili. Chukua mnana, ambaye wengine humwita kwera, yule wa njano mwenye kichwa cheusi anayejaza mti mzima karibu na nyumba za watu. Kila mmoja anamjua, na kwa hiyo hakuna anayemtazama. Mtazame. Dume hung'ata ukingo wa jani la mgomba au la tete, kisha anaruka nalo, na uzito wa mruko ndio unaochana uzi mrefu mwembamba. Uzi huo anaufunga kwenye ncha ya tawi, anasuka pete, anasimama ndani ya pete hiyo, na kuanzia hapo hageuki. Mbele yake husuka chumba cha mayai, nyuma yake husuka mlango. Wamarekani wawili, mke na mume, Nicholas na Elsie Collias, walitumia sehemu kubwa ya maisha yao kuwachunguza ndege hawa, na waliona kwamba jike huvutiwa na kiota ambacho bado ni kibichi. Dume akimaliza, hujining'iniza chini ya mlango kichwa chini, anapiga mabawa, anapiga kelele. Jike anaingia, anavuta nyuzi huku na huku, anatoka. Asiporidhika, na majani yakishageuka rangi ya kahawia, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya palepale. Chini ya mti wa mnana utakuta viota vilivyotupwa, vingine vimesukwa vizuri kabisa kwa macho yako na yangu. Jike alikuwa na macho mengine.

Sasa fungua, kwa mawazo tu tafadhali, viota vya majike tofauti katika mti uleule. Jike mmoja ametaga mayai meupe. Jirani yake ametaga ya samawati. Wa tatu ya kijani yenye madoa. Kila jike hutaga rangi yake ileile maisha yake yote, na ndiyo saini yake: kekeo wa kijani anayewavizia minana akiweka yai la rangi nyingine, jike hulitambua na kulitupa. Je, saini hii inatokana kweli na hofu ya kekeo? Jibu lilipatikana mbali na Afrika. Minana wa aina hii walipelekwa na binadamu kwenye visiwa vya Hispaniola na Mauritius, ambako hakuna kekeo wa kuwavizia. Mtafiti David Lahti alipoyapima mayai yao, mwaka 2005 alieleza kwamba rangi za majike mbalimbali zilikuwa zimeanza kufanana zaidi, na madoa ndani ya kiota kimoja hayakuwa tena na mpangilio uleule. Mlinzi alikuwa ameacha zamu. Huku kwetu zamu inaendelea, juu ya vichwa vya watoto wanaocheza mpira chini ya mti.

Ukitaka mnana wa heshima zaidi, rudi kijitoni. Yupo mmoja anayeishi wawili wawili, si kundi. Wa njano, mwenye mstari mweusi uliopita kwenye jicho. Jina lake la Kilatini ni Ploceus ocularis. Kiota chake kinaning'inia kwenye ncha ya tawi juu ya maji, na mlango wake ni bomba refu lililosukwa, linaloelekea chini. Nilikiona kimoja ambacho bomba lake lilizidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, likiyumba juu ya dimbwi. Nyuzi zilikuwa nyembamba mno, jua lilipita katikati yake na kivuli cha mwenye nyumba kilionekana kikipanda. Nyoka akitaka kuingia humo ajiandae kuoga.

Maji ni ukuta. Hilo ndilo jibu la kwa nini vichaka vya kando ya kijito vina viota vingi kuliko vichaka vya mlimani. Kuna sababu nyingine pia: wadudu wamo humo hata kiangazi, matope ya kugandishia yapo, na utando wa buibui, ambao ndio gundi na uzi wa wajenzi wadogo, haukosekani. Ndege mmoja mdogo wa kijivu na kijani, Camaroptera, hushona. Simaanishi kusuka. Anachagua majani mabichi yanayoota jirani, karibu na ardhi, anayatoboa matundu kwa mdomo, anapitisha utando wa buibui na kuuvuta mpaka kingo zikutane. Majani yanaendelea kuishi, yanabaki kijani, na ndani ya mfuko huo kuna nyasi laini na mayai. Nimepita karibu na kiota hicho nikiwa nimeelekezwa kwa kidole na bado sikukiona mpaka baba alipopuliza jani pembeni likageuka na kuonesha mshono.

Mwingine anayestahili kusimamishwa njia ni yule wa rangi ya kutu mwenye mkia mrefu kupita mwili wake. Kiota chake ni kikombe kidogo kilichobanwa kwenye panda ya tawi juu ya kijito, kimefungwa kwa utando na kupambwa nje kwa vigaga vya kijivu vilivyobanduliwa kwenye magome, hata kinaonekana kuwa fundo la mti. Kujificha ni kukamilifu, isipokuwa dume naye huatamia. Zamu yake ikifika anaingia, anakaa kwa adabu, na mkia wake wote unaning'inia nje.

Mayai mawili, mayai matatu. Msomaji aliyesoma vitabu vya Ulaya atauliza mbona machache, wakati ndege wa vichaka wa Uingereza hutaga matano, sita au zaidi. Swali hilo lilimshughulisha Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, tangu 1928. Alikusanya taarifa za viota vya Afrika kwa wingi ambao haukuwahi kukusanywa kabla, na mwaka 1944 akachapisha ulinganisho wake: ndege wa ukanda wetu kweli hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wa kaskazini. Wanasayansi wanabishana juu ya sababu hadi leo, lakini mawili hayakwepeki. Ndege wa kwetu akishakua huishi miaka mingi kuliko mwenzake anayekabiliwa na majira ya baridi kali, na viota vya kwetu huporwa sana, kwa hiyo haina maana kuweka mali yote katika chumba kimoja. Nyoka hupora, ngedere hupora. Kuna mwewe wa kijivu mwenye miguu mirefu inayokunjika pande zote, ambaye huning'inia kwenye kiota cha mnana akiingiza mguu mlangoni mpaka aguse makinda. Anayepoteza kiota hujenga kingine. Msimu ni mrefu, nguvu zimewekwa akiba.

Kadiri unavyopanda kutoka Itumba kuelekea nyanda za juu, hewa inapoa, mvengi unapungua, na kando ya vijito unaanza kukuta magugu marefu na mimea ya kimilimani. Huko ndiko kwa ndege ambaye, kwangu mimi, ndiye mwenyeji halisi wa pembe hii ya dunia. Ni wa kahawia, mdogo, mwenye alama nyeusi kati ya jicho na mdomo, wa jenasi Cisticola, na anapatikana nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Malawi na kipande cha Zambia kinachopakana nasi. Basi. Pengine popote duniani humpati. Hana uzuri wa kuchorwa kwenye stempu. Lakini hukaa kwa familia, na mmoja akianza kuimba wengine wanaingia, wamesimama kifua kwa kifua juu ya bua, na sauti zao kwa pamoja ni za baiskeli kuukuu isiyoonja grisi, ikisukumwa mlimani na mtu mwenye furaha. Jenasi hii ilikuwa kitendawili mpaka Admirali Hubert Lynes wa Uingereza alipoipanga upya mwaka 1930, akisaidiwa sana na nyimbo zao, kwa sababu kwa manyoya wanachanganya. Jamaa yao mmoja wa nyanda hizi ana jina la Njombe mpaka leo.

Uzuri wa vichaka hivi una adui, na adui huyo ni mtu mwenye haja. Bonde lina rutuba na unyevu. Kiangazi ndipo mboga huuzwa bei nzuri Tunduma. Ukiwa na familia, kichaka kinaonekana ni eneo lililolala bure. Wengine walipanda mikaratusi kandokando ya maji kwa ajili ya mbao na nguzo, na sasa vijiji vingi vinalalamika kwamba vijito vimenywewa. Wengine huchoma. Watoto wana manati na ulimbo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zenye kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mita 60 pande zote mbili za kila kijito cha Songwe zingekuwa hifadhi ndefu kuliko nyingi zenye geti na tiketi. Zimeandikwa. Utekelezaji wake unategemea serikali ya kijiji, na zaidi ya hiyo unategemea mtu kama mwenyeji wangu, ambaye hakunitajia sheria yoyote. Aliniambia kwamba alipokuwa kijana jirani yake wa juu alifyeka upande wake wote, na miaka michache baadaye mama yake akaanza kuchota maji umbali mara mbili. Yeye wa kwake akauacha. Ndege walikuja kama nyongeza, na kelele zao za alfajiri zinamkera, alisema, hasa Jumapili.

Sitaki kumaliza kama mtu wa semina. Nataka uende. Novemba hadi Machi ndio wakati mzuri. Ndege walao wadudu hutangulia na mvua za mwanzo, walao mbegu hufuata nyasi zikishazaa. Kama mzigo wako umekwama Tunduma na wakala anakuambia "kesho", usikae chini ya tela. Panda bodaboda hadi Mpemba, chukua gari la Itumba, tafuta chumba cha kulala, omba ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kushuka bondeni. Vaa viatu vya mpira. Amka kungali giza. Ukioneshwa kiota, kitazame kwa mbali na kwa muda mfupi, usikate tawi ili picha itoke vizuri, usiguse yai, na usirudi kwa njia ileile uliyoikanyaga mara nyingi, kwa sababu wanyama wawindaji husoma nyayo na harufu. Usipige wimbo wa ndege kwenye simu kumwita. Atakuja kupigana na mvamizi asiyekuwepo huku mayai yakipoa. Na kwa mwenye shamba acha chochote, hata kilo ya sukari, apate sababu moja zaidi ya kutokufyeka.